Ndege napigia wapi? Inategemea upepo

Kila nikiweka picha ya ndege status lazima mtu aulize, bro hapo umesimama wapi, na mi kila siku nashindwa kumjibu kwa sentensi moja. Sio kwamba nabania. Nikimwambia Majumba Sita, mtaa wa karibu na uwanja wa ndege wa Dar, afu akaenda siku ambayo ndege zinatua kutokea upande wa mjini, atakaa pale juani mpaka saa nane akiona matumbo tu ya ndege zinazopaa zikiwa zishafika juu huko, atarudi kwake anasema jamaa kanidanganya. Kwaiyo leo naandika kwa kirefu kidogo, hasa kwa watu wa Dar, na nitagusa na Zanzibar, Nairobi na Entebbe maana nako nimepita na kamera.

Tuanze na namba. Ranwei, yaani njia ya lami ya kurukia na kutua, kubwa ya uwanja wa Julius Nyerere wa Dar, ile ya mita 3,000, inaitwa 05 ukiwa upande mmoja na 23 ukiwa upande mwingine. Hizo namba ni nyuzi za dira zilizokatwa sifuri ya mwisho, yaani 05 ni nyuzi 50 hivi, kaskazini mashariki, na 23 ni nyuzi 230, kusini magharibi. Ni lami ile ile moja, swali la kila siku ni ndege zinaitumia kwa kuelekea wapi, na anayeamua hilo ni upepo. Ndege inataka upepo wa usoni ikiruka na ikitua. Upepo ukitoka kaskazini mashariki zinatua kwa 05, maana yake zinakuja kutokea Gongo la Mboto, Ukonga, Banana, zinapita juu ya watu wa Majumba Sita na Kipunguni, chini kabisa, afu zinagusa. Zikiondoka zinaondokea Vingunguti kuelekea mjini. Upepo ukigeuka kila kitu kinageuka, wanaokula kelele za kutua wanakuwa watu wa Tazara na Vingunguti.

Sasa hapa mtu wa pwani ana faida ambayo jamaa wa bara hana, sisi haya mambo tunayajua toka tukiwa wadogo, kaskazi na kusi. Hakuna haja ya kusomea. Kuanzia Novemba Desemba kaskazi ikishashika, mpaka mwezi wa pili, mwanzoni mwa tatu, unaenda Banana au Majumba Sita karibu kwa uhakika. Msimu wa kusi ndo unasumbua. Mi nilivyoona mwezi wa sita, wa saba na wa nane, asubuhi kunakuwa na kaupepo kepesi kanatoka bara, kusini magharibi huko, ndege zinatua kwa 23, afu ikifika saa tano sita upepo wa bahari unaamka unavuma kutoka mashariki au kusini mashariki, unaikata ranwei ubavuni, hapo sasa mnara wa kuongozea ndege ndo unajua wenyewe watatumia upande upi, na unaweza kukuta wamebadilisha katikati ya siku wewe ndo kwanza umefungua chapati zako.

Dawa yake ni kusoma METAR kabla hujatoka nyumbani. Ni taarifa ya hali ya hewa ya uwanja, inatoka kila wakati, bure, andika tu METAR HTDA kwenye intaneti, HTDA ndo herufi za uwanja wa Dar kwa marubani. Utakutana na mstari umejaa herufi utaogopa, usiogope, tafuta kipande kinachoishia na KT. Ukiona 04012KT maana yake upepo unatoka nyuzi 40 kwa kasi ya noti (knots) 12, hiyo ni 05 tupu, kimbia Banana. Ukiona 21006KT, upepo unatoka nyuzi 210, noti 6, leo ni upande wa Vingunguti. Ukiona 14010KT kaa nyumbani kwanza unywe chai, fungua Flightradar, ile app ya kufuatilia ndege, uangalie mbili tatu za mwanzo zimetua kutokea wapi ndo uvae viatu. Saa za METAR ni za Greenwich, ongeza matatu.

Kitu cha pili ambacho watu hawakipigii hesabu ni urefu. Ndege kubwa ikija kutua inashuka kwa mteremko wa nyuzi 3, kwenye viwanja karibu vyote. Ukifanya hesabu ya sekondari inakuja kama mita 52 kwa kila kilomita moja toka pale inapogusa lami, na inagusa kama mita 300 ndani ya ranwei, sio mwanzoni kabisa. Kwaiyo ukiwa kilomita mbili toka inapogusa, ipo juu yako mita mia na kitu. Boeing 777-300ER ya Emirates ina urefu wa karibu mita 74, kwaiyo kwa umbali huo inajaza skrini ya simu ya kawaida vizuri tu, hauhitaji lenzi ya mamilioni. Ila ATR 72 ya Precision Air, ya propela, ina mita 27, hiyo hapo hapo kwenye simu inaonekana kama kunguru. Ndo maana mtu anapiga simu ananiambia mbona yangu ndogo, namuuliza ulipiga ndege gani.

Na kupaa ni habari nyingine. Ndege za propela kama Dash 8 au ATR zinanyanyuka mapema sana, zikifika mwisho wa ranwei zipo mbali juu. Ndege kubwa iliyojaza mafuta ya kwenda mbali ndo inachelewa kunyanyuka, hiyo ukiwa mwisho wa ranwei unaipata. Kwaiyo ukitaka za kutua kaa karibu na mwanzo wa ranwei, ukitaka ndogo zikipaa tafuta sehemu ya ubavuni, katikati, sio mwisho. Dar kwa ubavuni kugumu kwa sababu ya uzio na majengo, bora kutafuta ghorofa.

Sasa Banana na Majumba Sita penyewe. Toka waanze kujenga njia za mwendokasi Nyerere Road mambo yamebadilika sana, sehemu nilizokuwa nakaa zamani kumekuwa zege, na nyaya za umeme ni tatizo lile lile la miaka yote, unapata bonge la picha ya Dreamliner ya Air Tanzania, ile ya twiga, halafu katikati ya ubavu kuna waya mweusi umekata kama kamba ya kuanikia nguo. Ukitaka kukwepa nyaya ingia ndani kwenye mitaa, usikae barabarani. Barabarani kwenyewe daladala zinakupigia honi, vumbi, bodaboda wanataka kujua unapiga picha za nini, na kamera ikiwa shingoni karibu na kituo sio salama sana, wenyeji watakwambia.

Ndani ya mitaa lakini unaingia kwa watu. Hili ndo naliona kubwa kuliko lenzi. Mtaa wa watu mtu akitokea na kamera ndefu, anaangalia angani, anasimama nyuma ya ukuta wa mtu, lazima maswali yaje, na ni haki yao. Halafu ukumbuke maeneo ya Kipawa na Kipunguni watu wake wameishi miaka na habari za kupisha upanuzi wa uwanja, wenzao walishahama, habari za fidia zimekuwa wimbo, kwaiyo mgeni anayepiga picha mtaani wanamfikiria mpimaji ardhi au mtu wa serikali kaja kuweka alama nyekundu. Mzee mmoja alinifuata taratibu na fimbo yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mmekuja kupima tena?"

"Hapana mzee wangu, napiga ndege tu. Hizi zinazopita."

"Ndege? Za nini?"

"Napenda tu mzee."

Akacheka mpaka akakaa kwenye kiti. Akasema yeye hizo ndege zimemfanya asisikie taarifa ya habari toka enzi za redio, halafu mtu anakuja kwa nauli yake kuzifuata. Lakini nikamwonyesha kwenye skrini picha ya Qatar iliyotoka kupita, anaona mpaka matairi, akanyamaza akaangalia, akaita wajukuu. Mwisho wa siku ndo mwenye ghorofa ninapopandia mpaka leo. Hela alikataa. Alichotaka ni picha moja isafishwe studio, ndege kubwa ikiwa juu ya bati lake na mnazi wake uonekane, ipo sebuleni kwake kwenye fremu. Kwaiyo tabia yangu sasa hivi popote nikienda mtaa mpya naanza na mwenye kibanda au mjumbe, nasalimia, nanunua mihogo, naonyesha picha kwanza kabla sijapiga nyingine. Dakika kumi hizo zinakuokoa masaa.

Hapo hapo niseme la askari. Ukonga kuna jeshi na kuna gereza, na pembeni ya uwanja kuna maeneo ya kijeshi yenye vibao vikubwa kabisa, marufuku kupiga picha. Kibao kikisema hapana ni hapana, hakuna cha mimi napiga angani tu. Kamera yako usiigeuzie geti, mlinzi, rada, mnara, wala ndege ya kijani ya jeshi hata ikikupitia kichwani. Nimeshaitwa na askari, sio mara moja, na karibu kila mara imeisha vizuri kwa sababu moja, nabaki nimesimama palepale, kofia navua, shikamoo afande, kitambulisho hiki hapa, picha hizi hapa angalia mwenyewe. Anaangalia anakuta ni matumbo ya ndege tu, anaanza kuuliza hii ni ya wapi hii yenye mkia wa kijani. Ethiopia hiyo afande. Akisema futa, futa. Akisema ondoka, ondoka, na usirudi siku hiyo hiyo. Watu wanaopata shida ni wale wanaoanza kubishana sheria, au wanaoficha kamera kwenye begi wakiona gari inakuja, hapo umejitafutia mwenyewe kulala kituoni. Ndani ya jengo la abiria simu kupiga selfie haina shida sana ila kamera kubwa na tripodi omba kibali kwa mamlaka ya viwanja. Na drone karibu na uwanja wa ndege usiifikirie hata kwa utani, inahitaji ruhusa ya TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na ya wizara ya ulinzi, na ni hatari kweli, sio karatasi tu.

Jua nalo. Dar tuko kama nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwaiyo saa sita mchana jua liko utosini, tumbo la ndege linakuwa jeusi na mgongo unawaka, hamna cha maana unachopata. Muda ni saa moja mpaka saa tatu asubuhi na saa kumi mpaka linapozama, basi. Kwa ranwei iliyolala kaskazini mashariki kusini magharibi, asubuhi ukiwa Banana kaa upande wa Kitunda jua liwe mgongoni, jioni hamia upande wa Segerea. Desemba jua linachomoza limeegemea kusini kidogo, linamulika ubavu mzima wa ndege inayotua kutokea Banana, na kaskazi ishashika, yaani upepo na jua vinakubaliana, hiyo ndo miezi mitamu ya Dar ukiweza kuvumilia joto. Juni ni kinyume. Asubuhi ndege zinatua kutokea mjini na jua linachomoza huko huko kaskazini mashariki, kila ndege inakuja na jua mgongoni mwake, unapata kivuli cheusi chenye mabawa. Juni asubuhi mimi nalala. Natoka saa tisa.

Upande wa mjini nao una vyake. Maeneo ya Tazara pale kwenye flyover ya Mfugale ndege inayotua kwa 23 inapita bado iko juu juu, sio ya kujaza fremu ila una majengo, una magari, una watu wanaovuka, ukipiga kwa upana unapata picha ya Dar sio picha ya ndege peke yake. Juu ya flyover usisimame, kaa chini. Ukiingia Vingunguti ndo inashuka zaidi. Kule kuna machinjio, kwaiyo kuna mwewe na kunguru angani muda wote, mara nyingi fokasi ya kamera inang'ang'ania mwewe na ndege inapita zake. Weka fokasi kwenye nukta ya katikati moja tu, usiiachie kamera ichague. Wenyeji wa Vingunguti kwa jinsi nilivyowaona ni wachangamfu kuliko wa upande wa Banana, watoto wanapiga kelele ndege hiyooo hata kabla hujaiona, wana masikio yale, na wanajua ratiba. Kuna mmoja anakwambia sasa hivi inakuja ya Waarabu, na kweli.

Ratiba nayo ijue lakini usiiamini sana, mashirika yanabadilisha kila msimu, mwezi wa tatu mwishoni na mwezi wa kumi mwishoni. Picha kubwa ni kwamba ndege nyingi za Ulaya na Uturuki zinapita usiku, ndo maana watu wanasema Dar hamna ndege. Zipo, ila umelala. Mchana una za Ghuba, una Ethiopia, una Kenya Airways na Embraer zao, una Air Tanzania zote, A220 ndo naipenda kuliko Dreamliner kusema ukweli, ina uso, na ile Boeing 767 ya mizigo iliyokuja 2023 ambayo ukiikuta mchana kwenye mwanga mzuri funga safari urudi nyumbani umeshiba. Na una Caravan, vile vindege vya propela moja, zisizoisha za kwenda Zanzibar na mbugani. Watu wanazidharau Caravan. Mi nimejifunzia kwazo, zinakuja kila baada ya muda mfupi, polepole, unapata mazoezi mengi kwa siku moja kuliko kusubiri Emirates moja.

Na hapo ndo kuna siri ya propela ambayo kila anayeanza anaikosa. Jeti unapiga kwa spidi ya shata 1/1000 haina neno. Ukipiga Caravan au ATR kwa 1/1000 propela inaganda, ndege inaonekana imezima injini inaning'inia angani. Shusha mpaka 1/250, ukijiamini 1/125, halafu ifuate ndege kwa kiuno, sio kwa mikono, miguu imetulia kiuno ndo kinageuka, bonyeza huku unaendelea kugeuka. Picha nyingi zitaharibika, hiyo ni kawaida hata kwa wazoefu, kumi mbovu moja nzuri, ila hiyo moja propela inakuwa duara zuri na herufi za 5H mkiani zinasomeka. 5H ni Tanzania, Kenya 5Y, Uganda 5X, Rwanda 9XR, Burundi 9U, Kongo ya Kinshasa 9Q. Ukishazizoea unajua ndege ya nani kabla hujaona rangi.

Joto la lami sitalisema sana. Kuanzia saa nne hewa juu ya ranwei inacheza, picha ya mbali inakuwa kama imepigwa kupitia maji, na hakuna lenzi ya bei yoyote inayotibu hilo, tiba ni kusogea karibu au kuwahi. Masika ndo hewa inakuwa safi, mvua ikikatika tu toka nje, vumbi limekaa chini, na siku zenye unyevu mwingi ndege kubwa zikitua unaona ukungu mweupe unafumka juu ya mabawa sekunde moja mbili. Hiyo ya ukungu wengi wanaikosa kwa sababu wamejificha mvua.

Zanzibar ni rahisi zaidi kichwani, ranwei ni 18/36, kusini kaskazini, kwaiyo kusi wanatua wakitokea kaskazini wanapitia juu ya Ng'ambo, kaskazi wanatua wakitokea kusini. Asubuhi mashariki mwa njia, jioni magharibi, kwisha. Na kule ndege za utalii za Ulaya ambazo Dar hazigusi zinatua kisiwani moja kwa moja, msimu wa Desemba na Julai Agosti unakuta mikia hujawahi kuiona. Kaa mtaani kwa adabu, vaa vizuri, salamu yenu ya asalaam aleikum itangulie kamera, na wakati wa sala usipande juu ya nyumba ya mtu.

Nairobi sasa. Wazee wa Nairobi wanakumbuka Embakasi ilivyokuwa na waving bay, familia zinavaa nguo za Jumapili zinaenda kuangalia ndege na kupungia watu. Siku hizi ukisimama pembeni ya JKIA, uwanja mkuu wa Nairobi, na lenzi ndefu soja anakuja, boss hapa hakuna picha, na ukiangalia yaliyoipata nchi ile kwa upande wa usalama unamuelewa. Lakini Nairobi ina kitu miji mingi haina, ina mbuga. Ranwei ya JKIA ni 06/24, na pale upepo karibu mwaka mzima unatoka kaskazini mashariki au mashariki, haihangaiki kama Dar, kwaiyo muda mwingi ndege zinatua kwa 06, na ili zitue kwa 06 zinapita juu ya Nairobi National Park halafu zinavuka Mombasa Road. Unaingia mbugani asubuhi geti likifunguliwa saa kumi na mbili, kitambulisho cha Afrika Mashariki unalipa nafuu kuliko mzungu, unakaa upande wa mashariki wa mbuga na jua liko nyuma yako, ndege zinakuja uso kwa uso zimewaka. Chini kuna nyati au twiga kama una bahati. Hakuna askari wa uwanja atakayekuuliza kitu maana umelipia kupiga picha. Ila hauruhusiwi kushuka kwenye gari mpaka sehemu zilizotengwa, kwaiyo unapigia dirishani, au kwenye gari inayofunguka juu, na injini muizime la sivyo mtetemo unaingia kwenye picha. Dereva wetu alikuwa anatafuta simba kwa nguvu zote na sisi tunamwambia kaka simama hapo hapo kuna Cargolux ya mizigo inakuja, alituona wehu kabisa.

Za mizigo ndo utamu wa Nairobi. JKIA uwanja uko juu, mita 1,600 na kitu toka usawa wa bahari, hewa nyepesi, na ranwei yake ni ndefu zaidi ya mita 4,000, 747 iliyojaa maua ya kwenda Ulaya inakimbia inakimbia mpaka unaanza kuwa na wasiwasi nayo. Wiki za kabla ya tarehe 14 mwezi wa pili ndo wakati wake, maua mengi ya wapendanao yanapita pale.

Wilson, uwanja mwingine mdogo wa Nairobi, nao msiuache, uko mjini kabisa kando ya Lang'ata Road, na kusini yake ndo mbuga ile ile. Pale ni Caravan, Dash 8, Twin Otter, ndege za flying doctors wa AMREF, vitu vya safari. Kuna Aero Club of East Africa, ya toka 1927, ipo ndani ya Wilson, ina sehemu ya kula na vyumba, ukifuata utaratibu wao wa wageni unakaa na soda yako unaangalia ndege bila mtu kukukimbiza. Kwa aliyezoea kupigia juu ya mabati ya Kipunguni hii ni peponi. Bei ya soda nayo ni ya peponi.

Entebbe nilipita haraka. Ranwei 17/35 mwisho wake wa kusini unaelekea ziwani, kijiji cha wavuvi cha Kigungu kiko pale pale pembeni, una maji, una mitumbwi, una ndege za UN nyeupe zenye herufi nyeusi ambazo kwingine hauzioni kirahisi. Upande wa jengo la zamani, lile la tukio la mateka la 1976, na kambi ya jeshi, kamera ibaki kwenye begi.

Watu wanaopeleka picha za Ulaya kwenye grupu wanatutamanisha bure. Nilipokuwa London kwa ndugu yangu nilienda Myrtle Avenue, kajani kadogo tu karibu na kituo cha Hatton Cross, mwanzo wa ranwei 27L ya Heathrow, watu wamekaa na watoto na sandwichi, polisi anapita anakusalimia. Ranwei wanazibadilisha kwa ratiba, upepo ukitoka magharibi saa tisa mchana wanahamisha za kutua toka moja kwenda nyingine, imeandikwa kabisa unaisoma nyumbani. Raha. Lakini mwanga wa Januari pale, kaka, kijivu mwanzo mwisho, nilitamani saa kumi na moja jioni ya Banana na nyaya zake zote.

Vifaa mmeuliza sana. Kamera yoyote ya mtumba yenye lenzi ya 70-300 inatosha kwa Dar, nunua kwa mtu anayekuruhusu uijaribu nje dukani, piga kitu cha mbali uone kama lenzi ina ukungu, hizi za pwani fangasi haziziachi. Simu inatosha ukiwa Majumba Sita na ndege kubwa. Flightradar nayo inasoma ndege zinazojitangaza zenyewe, kindege kidogo cha zamani au cha serikali kinaweza kukupita kichwani na kwenye skrini hakuna kitu, tumia masikio.

Mwezi huu kaskazi imeshaanza kushika, juzi METAR ilikuwa 03009KT asubuhi nzima. Jumamosi nitakuwa upande wa Kitunda toka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jioni nahamia upande wa Segerea. Anayekuja anitumie meseji Ijumaa, tusizidi wanne mtaani kwa watu, tripodi acheni nyumbani, mje na maji, kofia, kitambulisho na hela ya mihogo.